Usiipime shule kwa bango la getini: mwongozo kwa mzazi wa P1

Januari, matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, yakishatoka, mageti ya shule hapa Busia, mpakani na Kenya, huvikwa mabango ya kujisifia matokeo, na wazazi wenzangu huanza kupita kwenye kibanda changu cha mahindi wakiuliza, "Mama, mtoto wa P1, darasa la kwanza, nimpeleke wapi?" Huniuliza kwa sababu ninawakilisha wazazi kwenye kamati ya shule moja ya msingi ya serikali. Mimi siwatajii jina la shule. Ninawaambia waende wakaione wenyewe, kisha ninawaeleza cha kutazama.

Nenda katikati ya wiki, wakati wa masomo, na ikiwezekana chagua siku ya soko. Siku hiyo ndiyo ngumu kwetu watu wa mpakani. Watoto hubakizwa nyumbani kuangalia bidhaa, wengine hubeba mizigo, na upande wa Tiira wapo wanaoingia kwenye machimbo ya dhahabu. Pita kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu, jitambulishe, sema unamtafutia mtoto nafasi. Halafu uliza leo wangapi hawapo, na shule hufanya nini mtoto akikosekana siku kadhaa mfululizo. Mwalimu anayelifuatilia jambo hili atakujibu papo hapo, pengine atakutajia hata kijiji anachotoka mtoto huyo.

Ukiwa hapo tafuta ubao wa matangazo. Panapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha ruzuku ya serikali iliyoingia muhula huu na ilivyotumika. Karatasi hiyo ina historia yake. Watafiti walipofuatilia fedha za shule za msingi za Uganda kwa miaka ya 1991 hadi 1995, walikuta kwamba kwa wastani shule zilipokea 13% tu ya ruzuku ya matumizi iliyotengwa. Fedha zilizobaki ziliishia njiani. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kiasi kinachotumwa, na shule zikatakiwa kubandika hesabu mahali pa wazi, na kufikia 2001 fedha nyingi zilikuwa zinafika. Kwa hiyo ukikuta ubao mtupu, uliza kwa adabu, lakini uliza. Ni haki yako hata kabla mtoto wako hajaanza.

Kisha omba kuona darasa la P3. Wengi hukimbilia P7, darasa la mwisho la msingi, na mimi naona wanakosea. Tangu mtaala mpya wa 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na P4 ndipo mtoto anavuka kwenda Kiingereza. Hapa kwetu benchi moja lina Msamia, Mteso na mtoto ambaye nyumbani anasikia Kiswahili tu, kwa hiyo muulize mwalimu wa P1 anatumia lugha gani na anamsaidiaje yule asiyeijua. Huko P3 funua daftari mbili tatu. Tazama tarehe: je, kuna kazi kila siku? Tazama kama makosa yamesahihishwa au yamewekewa alama tu. Mwalimu akiruhusu, mtoto mmoja akusomee mistari michache. Asiyesoma P3 huteseka P5, na akifika P7 hakuna masomo ya usiku yatakayomwokoa. Ulizia na Kiswahili. Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, na watoto wetu wanaokisema sokoni kila siku wana mtaji mkubwa, ila wanahitaji mwalimu wa kuwafundisha kukiandika.

Sasa lile bango. PLE ina masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, ambayo sote tunaiita SST. Kila somo lina daraja kutoka D1 hadi F9. Namba nne hujumlishwa, kwa hiyo mtoto bora kabisa ana 4 na aliyeanguka kote ana 36. Jumla hiyo ndiyo humpa mtoto divisheni, na divisheni ya kwanza huanzia 4 hadi 12. Bango likisema "Divisheni ya Kwanza 14", yaani watoto 14, wa jumla ya 4 na wa 12 wamehesabiwa sawa, na hujaambiwa waliofanya mtihani walikuwa wangapi.

Omba orodha nzima ya matokeo, nayo shule inayo. Hesabu waliofanya, kila divisheni wangapi, waliopata U, yaani walioshindwa kupata divisheni yoyote, wangapi, na waliosajiliwa lakini hawakutokea siku ya mtihani. Wasichana wahesabu peke yao. Baada ya hapo uliza swali ambalo ndilo naliona zito kuliko yote: mwaka uliotangulia P6 ilikuwa na watoto wangapi? Kama walikuwa 90 na waliofanya PLE ni 45, nusu wamekwenda wapi? Wengine wamerudishwa darasa, wengine wameolewa au wameingia kazini, na zipo shule ambazo humwambia mtoto dhaifu atafute pa kusajiliwa kwingine ili jina la shule lisichafuke. Hilo huniuma sana. Shule iliyowabeba watoto wake wote hadi chumba cha mtihani, wengi wakapata divisheni ya pili, ninaiheshimu kuliko ile iliyochuja kwanza ndipo ikajisifu. Na ujue kwamba mtahiniwa wa shule ya UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, hulipiwa na serikali ada ya usajili wa UNEB, baraza la mitihani. Ukitajiwa ada hiyo, omba maelezo.

Saa saba mchana usiondoke. Kaa uone nani anakula. Sheria ya Elimu ya 2008 inaweka chakula cha mtoto mikononi mwa mzazi, na sheria hiyohiyo hairuhusu mtoto kunyimwa masomo kwa kuwa mzazi hakutoa mchango wa hiari. Kati ya mambo hayo mawili ndipo utaijua jumuiya ya shule. Penye wazazi wanaokutana, utakuta sufuria jikoni. Penye wazazi waliokata tamaa, utakuta watoto wamelala kivulini wakisubiri kengele.

Shule ikiwa haina uji, hiyo si sababu ya kuikimbia, maana ni jambo tunaloweza kulianzisha. Lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa wazazi na mkubaliane kutoa mahindi badala ya fedha. Yakusanyeni wakati wa mavuno ya mvua za kwanza, Julai na Agosti, bei ikiwa chini, yatumike muhula wa tatu. Hesabu yangu ni gramu 50 za unga kwa kikombe cha mtoto mmoja, yaani kilo 5 kwa watoto 100 kwa siku. Msipokee mahindi mabichi, yataota kuvu, na sumu ya kuvu haitoki kwa kuchemsha. Chukueni chupa kavu, tieni punje na chumvi kavu, mtikise vizuri. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi yarudi juani. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Daftari la stoo liwe na wazazi wawili pamoja na mwalimu mmoja, na mtoto wa asiyeweza kutoa apewe kikombe sawa na wenzake bila jina lake kutajwa.

Tazama pia vyoo, hasa vya wasichana wa madarasa ya juu. Mlango usiofungwa humfukuza msichana shuleni kimyakimya.

Ukisharidhika, mwandikishe kabla muhula wa kwanza haujafunguliwa mwezi wa pili. Umri wa kuingia P1 ni miaka 6. Beba cheti cha kuzaliwa kama unacho, au kadi ya chanjo, na namba ya simu inayopatikana. Na siku hiyohiyo uliza tarehe ya mkutano mkuu wa wazazi, uiandike, maana hapo ndipo wawakilishi wetu kwenye kamati huchaguliwa, na viti hivyo vinahitaji watu wanaojua kuhesabu.