Namna ya kufundisha "Adili na Nduguze" kidato cha pili: maelezo ya mwalimu wa Newala

Nafundisha Kiswahili hapa Newala, mkoani Mtwara, na sijaona kitabu kinachowafungua wanafunzi midomo kama Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Ni kitabu cha mwaka 1952, si kirefu, na kinauliza swali ambalo kila ukoo unalo: ndugu akikutenda uovu, umfanyeje? Walimu wengi tunakimaliza kwa kuandika ubaoni "Dhamira", chini yake upendo, wivu, msamaha. Wanafunzi wananakili, wanakariri, kitabu kimekufa. Jaribu njia hii.

Anza Julai, shule zikifunguliwa. Ukingoja Oktoba, korosho zimeshaanza kuanguka na nusu ya darasa iko shambani na wazazi. Nakala hazitatosha, hilo lisikusumbue. Soma wewe kwa sauti, kisha mpe msomaji mzuri, kisha mwingine. Kiswahili cha Shaaban Robert kinakaa sikioni kuliko kinavyokaa machoni, na mwanafunzi akikisikia ataelewa sentensi ambayo angeikwepa akiiona. Usisimame kueleza kila neno gumu.

Wasifu wa mwandishi uache kwanza. Kwamba alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki 1962 watayaandika siku nyingine. Anza na usiku ule ambao Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, ni mgeni wa Adili, liwali wa Janibu. Anamwona mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa wema, anaamka usiku, anawaendea manyani wawili, anawachapa kwa mjeledi, kisha anawakumbatia, analia nao, anawalisha. Ukifika hapo funga kitabu.

Watacheka. Usiwakaripie hata kidogo. Kwa watoto wa huku nyani ni mwizi wa mahindi; wamelinda mashamba tangu wadogo, manati mkononi. Kijana mmoja darasani kwangu alisimama akaigiza nyani anavyovunja hindi huku anatazama nyuma, halafu akasema, "Mwalimu, huyu hata ukimpiga hakuna dhambi." Darasa zima likamuunga mkono. Kicheko hicho ni mali yako, kitunze. Wagawie vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jina lake na sentensi moja: Adili ni mtu wa namna gani? Kusanya, usisahihishe, usitoe maoni yako.

Kipindi kinachofuata soma kisa anachokisimulia Adili mwenyewe mbele ya mfalme. Hapa nenda polepole. Manyani wale ni ndugu zake wa damu. Walisafiri naye kibiashara, wakamwonea wivu kwa ajili ya Mwelekevu, binti aliyemkuta katika mji ambao watu wake waligeuka mawe, wakamtosa baharini. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamtoa majini, akawageuza wale wawili kuwa manyani, na akamwamuru Adili awachape kila usiku. Ukimaliza, nyamaza kidogo. Kisha warudishie karatasi zao waandike sentensi ya pili chini ya ile ya kwanza, bila kuifuta ya kwanza. Wasomeane wawili wawili. Mwanafunzi anapoona kwa mwandiko wake mwenyewe jinsi alivyomhukumu mtu asiyemjua, huna haja ya kumhubiria.

Kuna kikwazo kimoja. Ndugu hao wanaitwa Hasidi na Mwivu, kwa hiyo mwandishi ameshatoa hukumu kabla msomaji hajafikiri. Mimi ubaoni wote watatu, pamoja na Adili, nawaandika Ndugu A, Ndugu B na Ndugu C mpaka mjadala uishe. Inasaidia sana. Mtoto anaanza kuuliza Ndugu A alikosa nini nyumbani hata akafika pale.

Suala la mali usilipite haraka. Ndugu hawa walipewa fungu lao, wakalipoteza, Adili akawagawia tena chake. Lilete nyumbani: ndugu watatu wamerithi mikorosho, mmoja ameuza mavuno yake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, kabla ya msimu, hela imekwisha, anarudi kwako mikono mitupu. Utamgawia? Mara ya pili je? Hapo hata wale wasiosema mwaka mzima watasema, maana kila mmoja anamfahamu mtu wa namna hiyo. Waache wabishane. Wengine watamwona Adili mjinga, na wana hoja.

Baada ya hapo fanya baraza. Kwetu kesi ya ndugu inapelekwa kwa mjomba, basi mweke mwanafunzi mmoja awe mjomba, wengine wawe Adili, nduguze na Huria. Sharti langu ni moja: aliyewalaani ndugu wale kwa ukali kuliko wote ndiye atakayewatetea, na haruhusiwi kudanganya. Msichana mmoja aliyepewa nafasi ya Mwivu alisema, "Sikuwahi kusifiwa hata siku moja mbele yake." Maneno hayo hayamo kitabuni, aliyatoa kwake. Mbane Huria pia. Je, ni haki kumlazimisha mtu awe mkono wa adhabu ya ndugu zake?

Lazima wataleta habari za viboko vya shule. Usikwepe. Waeleze kanuni zinasemaje: adhabu hiyo ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, haizidi viboko vinne, na inaandikwa. Kisha rudi kwa Adili anayechapa huku analia, waulize machozi yake yanampunguzia nani maumivu. Na siku hiyo usiingie darasani na fimbo. Nasema hili kwa moyo wangu wote: hakuna somo la huruma linaloingia fimbo ikiwa mezani.

Kazi ya mwisho ni barua ya ukurasa mmoja. Mfalme ameingilia kati, ndugu wale wamerudishiwa ubinadamu wao. Mmoja anamwandikia Adili. Alama nazitoa kwa kutaja jambo halisi alilotenda, kwa kuonyesha lilimuumiza Adili vipi, na kwa lugha. Anayeandika "naomba msamaha" mara kumi bila kusema kwa lipi hapati nyingi. Anayeandika jibu la Adili akikataa kusamehe apate alama sawa na wengine, mradi ameeleza sababu. Barua hizo usizisome mbele ya darasa bila idhini ya mwenyewe. Wapo wanaoandika habari za nyumbani kwao, na ukikuta moja ya namna hiyo, mwite pembeni kwa utulivu, msikilize.