Somo: Kumfuata kipepeo wa mndimu kuanzia yai, darasani

Anza na yai, usianze na kiwavi. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano (Papilio demodocus) hutaga kwenye mindimu, milimau na michungwa, na uswahilini Dar mndimu uani haukosekani. Kagua majani machanga: yai ni kidonge cha njano hafifu, kama milimita 1, moja moja.

1. Muulize mwenye mti kama amepuliza dawa. Kata kijiti kizima, yai usilibandue.

2. Chomeka kijiti kwenye kichupa cha maji. Tundu la kifuniko likibane kijiti, la sivyo kiwavi hushuka akazama. Tumbukiza kichupa kwenye ndoo ya lita 10, funika kwa neti ya pazia na mpira. Chandarua cha mbu hapana! Vingi vina dawa.

3. Miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji. Sisimizi wakipata njia, asubuhi hukuti kitu.

4. Kila siku badili majani, toa kinyesi. Kwa unyevu wa Dar, ukungu hauchelewi. Watoto wapime kwa rula bila kumshika, wachore.

Mwanzoni kiwavi ni kahawia mwenye baka jeupe, utadhani kinyesi cha ndege, na ndege naye hudanganyika hivyo hivyo. Akitulia bila kula, hajafa: anajivua gamba. Usimsogeze, miguu ameinasa kwenye utando wa nyuzi. Akijivua mara ya nne anatokea wa kijani. Mguse kidogo, atachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mara moja inatosha.

Akishiba anaharisha, anatangatanga, kisha anajifunga uzi kiunoni awe pupa (hatua ya kutulia kabla ya kugeuka kipepeo). Hapo awekewe vijiti vilivyosimama wima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yai limekuwa jeusi. Limeoza?*
Huenda kiwavi yuko karibu kutoka. Likibaki jeusi wiki nzima, pengine limeingiliwa na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya wadudu wengine.

*Mndimu umeisha majani, nimpe ya mwembe?*
Atakufa njaa juu yake. Tafuta mlimau au mchungwa.

*Kipepeo katoka na mabawa yamekunjamana, na chini kuna matone mekundu.*
Matone ni uchafu wa tumboni, si damu. Mabawa pengine ni kukosa pa kuning'inia: yasiponyooka mapema hukauka hivyo hivyo, na hayanyoosheki tena.