Kurekebisha springi na shokapu za gari jepesi la michezo kwa barabara za Mwanza

Gari jepesi halina uzito wa kuficha makosa. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ina kilo 950 hivi, na kiwandani ilipangiwa upepo wa psi 26. Kijana wa kujaza upepo, aliyezoea magari mazito zaidi, huijaza 35; hapo gari hurukaruka kwenye kila tuta, na mwenye gari hukimbilia kununua shokapu asizozihitaji. Anza na kipima upepo, asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Kisha kagua bushi, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya miguu inayoshika magurudumu, na hapa naomba usiwe na haraka. Bushi mpya zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hushikwa wakati mguu unaning'inia, na gari likishushwa hujinyonga, hivyo huchanika mapema na kulifanya gari lisimame juu kuliko kawaida. Mimi nilizipoteza bushi zangu za nyuma kwa kosa hilo hilo. Boliti zishikizwe tu, gari lishushwe likae juu ya magurudumu yake, lisukumwe mara mbili tatu, ndipo zikazwe.

Usikate springi. Gari lililoshushwa kwa msumeno hupoteza nafasi ya shokapu kucheza, na kwenye njia za kupanda Bugando utasikia kishindo cha shokapu kugota mwisho. Kikitokea katikati ya kona, tairi la mbele huachia ghafla na pua hukataa kugeuka. Ukitaka kulishusha, nunua springi na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, na usizidishe sentimita 2 au 3.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, huja baada ya kimo cha gari, si kabla. Mwombe fundi akuache ukae kwenye kiti, kwa kuwa kilo zako 70 ni sehemu kubwa ya gari la namna hii. Arekebishe kwanza mlalo wa matairi, halafu mwelekeo wake, na matairi ya nyuma yaachwe yakifumba kidogo kwa mbele ili mkia utulie barabara ikilowa kwa mvua za masika.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Pua ikikataa kona, punguza ugumu wa stabilaiza ya mbele, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona. Mkia ukichomoka, punguza ugumu wa ile ya nyuma. Jaribu kwenye uwanja mtupu, tena kwa mwendo uleule, na uandike kwenye daftari upepo, kimo na ulichohisi kwenye usukani kabla hujagusa spana tena.