Jinsi ya Kutafuta Pishi la Pudini ya Kiingereza Lililosahaulika

Usitegemee jina. Sussex Pond Pudding, pudini ya jimbo la Sussex, ikitiwa zabibu ndogo kavu, ukivuka kuingia jimbo jirani la Kent huitwa Kentish Well Pudding. Muulize aliyeila: ilichemshwa kwenye kitambaa, ilipikwa kwa mvuke au iliokwa? Ganda lilikuwa la mafuta ya figo ya ng'ombe? Ilipokatwa, ilitiririsha siagi na sukari?

Kisha pekua vitabu vya zamani. Cha Eliza Acton, mwandishi Mwingereza wa mapishi, cha 1845 ndicho bora kuanzia, kwa kuwa mapishi yake mengi hufuatwa na vipimo na muda. Wellcome Collection, makumbusho na maktaba ya London, nayo imeweka mtandaoni, bure, madaftari ya mapishi yaliyoandikwa kwa mkono.

Vipimo ndivyo huponza wengi. Aunsi ni gramu 28. Painti ya Uingereza tangu 1824 ni mililita 568. Ya Marekani ni 473, na ukizichanganya, rojo huwa jepesi au zito mno.

Ukilijaribu pishi, maji yachemke kwanza ndipo utumbukize pudini, na ya kuongezea yawe yanachemka pia. Yakipoa, mafuta huyeyuka kabla unga haujashikana, na ganda hutoka zito, limelowa mafuta.