Somo: Kuisoma sahani ya Kiingereza, kuanzia udongo wake hadi muhuri wa chini

Wapenzi wa vyombo, habari zenu. Wengi mmeomba somo la kauri na vyombo vya udongo vya Kiingereza: mtu atajuaje kikombe alichoshika kimetengenezwa kwa nini, wapi, na takriban lini? Nitakwenda hatua kwa hatua, na historia nitaiingiza njiani, maana bila historia zile alama za chini ya sahani ni michoro tu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: uzuri wa vyombo hivi uko kwenye udongo kwanza, dhahabu na maua vinafuata. Kwa hiyo pambo tutalitazama baadaye.

Tandika taulo mezani, vua pete, uwe na tochi ya simu na kioo cha kukuzia. Kikombe cha zamani usikishike kwa mkono wake. Huenda uliwahi kukatika ukagundishwa, nawe hujui. Kishike mwilini, kwa mikono miwili.

Hatua ya 1: Pitisha mwanga

Inua sahani mbele ya taa na utandaze vidole kati ya taa na sahani. Ukiona kivuli cha vidole upande wako, hiyo ni kauri. Usipoona kitu, ni chombo cha udongo, na hicho tutakifikia.

Sasa tazama rangi ya ule mwanga unaopenya. Kauri ya Kichina, na ya Kijerumani iliyofuata njia ya Wachina, mara nyingi hutoa mwanga wa ubaridi unaoelekea buluu au kijivu. Ya Kiingereza ina joto, ni weupe wa tui la kwanza. Joto hilo linatokana na mifupa ya ng'ombe.

Kwa karne nyingi kauri halisi ilijulikana Asia ya Mashariki tu, hasa kwa Wachina. Ulaya ilinunua kwa bei kubwa na kujaribu kuiga. Meissen, Ujerumani, walifanikiwa mapema karne ya 18, na kiwanda chao kikaanza 1710. Waingereza walichelewa. Katika miaka ya 1740 viwanda vya Chelsea na Bow, London, vilianza kutoa kauri laini, yaani ya kuiga, inayochomwa kwa moto mdogo kuliko ile ngumu ya Wachina, na pale Bow, Thomas Frye akachanganya majivu ya mifupa kwenye udongo. Worcester, iliyoanza 1751, ikashika njia nyingine: jiwe la sabuni, lililofanya buli listahimili maji ya moto bila kupasuka. William Cookworthy, mfamasia wa Plymouth, aligundua kaolini huko Cornwall na mwaka 1768 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kutengeneza kauri ngumu kama ya Wachina. Biashara yake haikudumu, lakini udongo wa Cornwall ulibaki kuwa tegemeo la nchi nzima. (Kaolini ni udongo mweupe wa aina ile ile inayopatikana kwenye vilima vya Pugu, nje ya Dar es Salaam.)

Aliyekamilisha mchanganyiko ni Josiah Spode wa pili, mjini Stoke, mwishoni mwa karne ya 18. Kipimo chake ndicho kinachofuatwa hadi leo kwa mabadiliko madogo: nusu majivu ya mifupa, robo kaolini, robo jiwe la Cornwall, lile linaloyeyuka tanurini na kuushikamanisha udongo. Mifupa huchomwa kwanza mpaka iwe majivu meupe, husagwa, kisha huchanganywa. Udongo wake ni mgumu kufanyia kazi kwa sababu haunati vizuri, na tanurini joto likizidi kidogo tu chombo kinalegea na kupinda. Lakini ukitoka salama unakuwa mweupe, mwembamba, tena imara kuliko unavyodhania ukiutazama. Mimi sijaona udongo unaopokea mwanga vizuri zaidi ya huu.

Tofauti nyingine na Wachina iko kwenye uchomaji. Mchina alichoma mwili na glezi (ule mpako wa juu unaong'aa kama kioo) pamoja kwa moto mkali sana, vikawa kitu kimoja. Mwingereza huchoma mwili kwanza, takriban nyuzi 1,250 za Selsiasi, ndipo anapaka glezi na kuchoma tena kwa moto mdogo zaidi. Ndiyo maana glezi ya kauri ya mifupa huwa laini kidoleni, na rangi zilizopakwa juu yake huonekana kuzama ndani kidogo.

Hatua ya 2: Mwanga usipopita

Hapa wengi huweka chombo chini na kuondoka. Msifanye hivyo. Mfinyanzi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza alijipatia jina kwa vyombo visivyopitisha mwanga.

Josiah Wedgwood alizaliwa Burslem, Staffordshire, mwaka 1730, katika ukoo wa wafinyanzi. Ndui ya utotoni ilimharibu goti, na mwaka 1768 mguu wake wa kulia ukakatwa. Asingeweza kukanyaga gurudumu la mfinyanzi siku nzima, na akili yake akaipeleka kwenye majaribio: udongo gani, glezi gani, moto kiasi gani, kila jaribio na namba yake daftarini. Chombo chake cha rangi ya krimu, chepesi na safi, kilimpendeza Malkia Charlotte, aliyeagiza seti ya chai mwaka 1765. Wedgwood akaomba ruhusa ya kukiita chombo cha Malkia, na kuanzia hapo hata mfanyabiashara wa kawaida alitaka sahani kama za ikulu. Malkia Catherine wa Urusi aliagiza seti ya vipande zaidi ya 900, kila kimoja kimechorwa mandhari ya Uingereza kwa mkono, pamoja na chura mdogo wa kijani, kwa sababu kasri lake lilijengwa penye kinamasi cha vyura.

Katika miaka ya 1770 akatoa jaspa, ule udongo usio na glezi, mara nyingi wa buluu hafifu, wenye sanamu nyeupe zilizobandikwa juu. Ukishika jaspa nzuri, pitisha ukucha taratibu kwenye mikunjo ya nguo za zile sanamu. Kwenye kazi safi kila mkunjo una ncha. Kwenye kazi hafifu mikunjo imelegea.

Udongo huo huo ndio uliobeba medali ya mwaka 1787: Mwafrika amepiga magoti, minyororo mikononi, na maneno yanayouliza kama yeye si binadamu na ndugu. Wedgwood aliigawa bure kwa wapinzani wa biashara ya utumwa. Watu waliivaa, waliitia kwenye visanduku vya ugoro na bangili. Kwangu hicho ndicho kipande kizito kuliko vyote alivyowahi kuchoma, na sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kukitazama kwa muda mrefu.

Hatua ya 3: Soma pambo kwa kioo cha kukuzia

Pambo la mkono lina mipigo ya brashi. Kuna mahali rangi imekuwa nzito, na mahali imekwisha. Mara nyingi utaisikia kidoleni, maana ilipakwa juu ya glezi.

Pambo la kuchapwa lina mistari na vidoa vidogo vya mchongo. Fundi alichonga picha kwenye bamba la shaba, akapaka rangi ya mafuta, akaigandamiza kwenye karatasi nyembamba, kisha karatasi ikabandikwa kwenye chombo na kusuguliwa. Karatasi ikaoshwa, rangi ikabaki, glezi ikafuata juu. Tafuta mshono: mahali kwenye ukingo wa sahani ambapo kipande cha karatasi kilikutana na kingine na maua hayakulingana sawasawa. Mshono huo ni mkono wa mtu, mara nyingi mwanamke, maana kazi hii ya karatasi ilifanywa sana na wanawake. Nikiuona huwa nafurahi kuliko pambo lenyewe.

Buluu imezagaa kwa sababu kobalti, madini yanayotoa rangi hiyo, ilivumilia moto wa glezi bila kuharibika. Josiah Spode wa kwanza, baba wa yule wa pili, aliikamilisha buluu ya chini ya glezi kwenye mwaka 1784. Mwaka huo huo ushuru wa chai Uingereza ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 100 hadi 12.5, kila nyumba ikataka vikombe. Mwaka 1791 Kampuni ya India ya Mashariki, ile ya Waingereza, ikaacha kuleta shehena kubwa za kauri kutoka China. Soko likawa wazi kabisa.

Hatua ya 4: Pindua

Sasa ndipo tunasoma muhuri, na tunausoma kama shahidi mmoja kati ya wengi, kwa kuwa muhuri huigwa kirahisi kuliko udongo.

Alama ya almasi, yenye IV kwenye duara la juu, ni ya kusajili umbo au pambo kati ya 1842 na 1883. "Rd No" na tarakimu ni kuanzia 1884. Neno "England" peke yake kwa kawaida ni kuanzia 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. "Made in England" ni karne ya 20, na "Bone China" pia kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia sahani "ya 1820" yenye maneno hayo, mrudishie kwa upole.

Nanga ndogo nyekundu ni ya Chelsea, miaka ya 1750, na imeigwa mno. Nanga halisi ni ndogo kweli kweli. Alama ya taji, kiwanda cha Derby kilipewa na Mfalme George wa tatu mwaka 1775. Wedgwood halisi huandikwa bila "e" katikati. Ukiona "Wedgewood", si yeye.

Hatua ya 5: Gonga

Kiweke chombo kwenye kiganja, ukigonge kwa ukucha. Kauri nzima inalia kwa muda; yenye ufa inatoa sauti fupi iliyokufa. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Hiyo mifupa imenitia wasiwasi. Ni ya mnyama gani, na sisi Waislamu tunaweza kunywea?

Marahaba. Kwa desturi ni ya ng'ombe, kwa sababu mifupa yake ina madini machache ya chuma na hutoa weupe safi. Huchomwa kwa takriban nyuzi 1,000 mpaka nyama, mafuta na uboho vyote viishe, yabaki madini tu. Halafu chombo kinachomwa tena kwa moto mkali zaidi. Hayo ni ya ufundi. Hukumu mwulize sheikh wako na umweleze hivyo hivyo. Ukitaka kuepuka kabisa, chagua kauri isiyoandikwa mifupa, au chombo cha udongo.

Mwanachama, Lamu: Bibi alituachia bakuli la maua ya buluu na mekundu, lilikuwa kwenye kidaka. Wazee wanasema ni la Kiingereza.

Linaweza kuwa. Vidaka vyetu vilizoea kauri ya China, ila karne ya 19 mabakuli ya viwanda vya Ulaya yaliingia pwani kwa wingi. Lipindue. Ukiona "Maastricht" au "Maestricht", hilo ni la Uholanzi. Kama halina muhuri, tazama maua: yakijirudia kwa umbo lile lile yenye kingo za vinyweleo, yamegongwa kwa kipande cha sponji. Vyovyote iwavyo, dada yangu, usiliuze. Liandikie historia yake na jina la bibi.

Mwanachama, Dar es Salaam: Nina seti ya Royal Albert ya waridi nyekundu na njano, Old Country Roses. Baadhi ya vikombe vimeandikwa "England", vingine havina. Je, nimeuziwa bandia?

Si lazima. Pambo hilo lilitoka 1962, na miaka ya 2000 uzalishaji ukahamishiwa Indonesia. Visivyo na "England" huenda ni vya baadaye tu. Vilinganishe chini ya taa moja: weupe wa mwili, unene wa mdomo, dhahabu ya ukingoni. Wakusanyaji hupenda vya zamani zaidi, lakini vyote ni vya kunywea.

Mwanachama, Muscat: Ile sahani ya mti unaoinama, daraja na ndege wawili, hadithi yake ni ya Kichina kweli?

Hapana. Pambo liliundwa Uingereza karibu na 1790 kwa kuchanganya michoro ya Kichina, na hadithi ya wapenzi waliogeuka ndege ilitungwa huko huko Uingereza baadaye. Pambo lilitangulia hadithi.

Mwanachama, Arusha: Sahani zangu za zamani zina nyufa nyembamba kama nywele na madoa ya kahawia. Nizitie jiki?

Usithubutu. Jiki hupenya kwenye nyufa na baadaye hubandua glezi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye bikaboneti kidogo, suuza, anika kivulini siku kadhaa. Na kwa kuwa glezi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, sahani yenye nyufa usiiwekee achari, limau wala nyanya. Itundike ukutani. Yenye dhahabu usiiweke kwenye maikrowevu.

Mwanachama, Leicester: Kaka, niko huku Uingereza. Niende wapi nikavione?

Stoke-on-Trent, siku nzima. Anza Longton, Makumbusho ya Gladstone, uingie ndani ya tanuri zenye umbo la chupa. Zamani mji ulikuwa na zaidi ya 2,000, sasa zimebaki chini ya 50. Kisha Hanley kwenye makumbusho ya mji, na Barlaston kwenye mkusanyo wa Wedgwood. Ukipata nafasi pita Middleport, Burslem, ambako bado wanachapa kwa karatasi nyembamba. Omba kuwaona mafundi wakisugua, uangalie wanavyoficha mshono.