GB ngapi? Namna ya kusoma namba za simu kabla hujalipa

Ukiingia duka la simu Kariakoo ukauliza "hii ina GB ngapi?", utatajiwa namba kubwa kuliko zote zilizoandikwa kwenye boksi. Muuzaji hajakudanganya, ni swali lako ndilo halijakamilika. Simu ina GB za aina mbili, na pembeni yake kuna mambo matatu manne yasiyoandikwa kwa herufi kubwa ambayo ndiyo huamua kama simu itaanza kuganda kabla ya mwaka kuisha. Hatua hizi zifuate simu ikiwa mkononi, pesa ikiwa bado mfukoni.

Hatua ya 1: Tenganisha RAM na hifadhi

Ukiona 4/128, namba ndogo ni RAM na kubwa ni hifadhi. RAM ni kama meza ya fundi cherehani: kinakaa kile kinachoshonwa sasa hivi. Hifadhi ni kabati lake. Meza ikiwa finyu, kabati kubwa halimsaidii fundi kushona haraka.

Simu uliyonayo sasa itakwambia uongeze ipi. Kama unatoka kwenye mchezo au ukurasa uliokuwa unausoma ili uone ujumbe wa WhatsApp, ukirudi unakuta umeanza upya, mara nyingi RAM ndiyo ndogo. Kama simu inakataa kupakua picha au kusasisha programu kwa madai kwamba nafasi haitoshi, tatizo ni hifadhi. Watu wengi hununua hifadhi kubwa kutibu ugonjwa wa RAM, kisha wanalaumu kampuni.

Kwa RAM, GB 2 ni za kupokea simu na WhatsApp tu. Android yenyewe, tangu toleo la 13, haikubali chini ya hapo. GB 4 zinatosha mtumiaji wa kawaida anayevumilia kidogo. Anayetaka simu ya kukaa nayo miaka mitatu aanzie GB 6.

Hatua ya 2: Tafuta alama ya kujumlisha

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupigwa. Boksi limeandikwa "RAM GB 8" kwa herufi nene, na chini kabisa, kwa herufi za kusoma na miwani, kuna "4+4". RAM halisi ni GB 4. Nne nyingine ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kifanye kazi ya RAM. Kila kampuni ina jina lake: Samsung wanaiita RAM Plus, wengine wana majina yenye neno "Fusion" au "Extended".

Si uongo mtupu, lakini si RAM. RAM ya simu za bei ya kati husoma zaidi ya GB 10 kwa sekunde, wakati hifadhi ya simu ya bei nafuu husoma karibu MB 250 hadi 300 kwa sekunde. Tofauti ni zaidi ya mara thelathini. Kinachofanyika ni kwamba programu uliyoiacha nyuma inahamishiwa kwenye hifadhi badala ya kuuawa. Ukiirudia inafunguka pale ulipoishia, ila kwa kusuasua. Na zile GB 4 zimekatwa kwenye hifadhi uliyoilipia. Kwenye simu ya GB 64, izime. Kwenye Samsung njia ni Mipangilio, Utunzaji wa kifaa, Kumbukumbu, kisha RAM Plus.

Kwa hiyo dukani usiulize "RAM ngapi?" Uliza "RAM halisi ngapi, bila ya kuongeza?" Muuzaji anayeijua kazi yake atakujibu bila kufungua boksi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya hifadhi itakayobaki

Kampuni huhesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja, ilhali programu nyingi zinazopima simu hutumia kipimo kikubwa kidogo. Ndiyo maana GB 64 zinaweza kuonekana 59.6, na 128 zikaonekana 119. Hakuna aliyekuibia. Toa mfumo wa Android na programu zilizokuja nazo, mara nyingi kati ya GB 15 na 20, kisha acha walau asilimia 10 wazi, kwa sababu hifadhi ikijaa hadi ukingoni simu nzima inakuwa nzito na masasisho hayaingii. Simu ya GB 64 inakuachia kama GB 35 za matumizi.

Video ya 1080p hula karibu MB 130 kwa dakika. Harusi moja ukirekodi saa nzima umemaliza karibu GB 8. Ongeza magrupu ya WhatsApp yanayopakua kila kitu yenyewe, utaona kwa nini 128 ndiyo inafaa leo.

Memori kadi isikufariji sana. Inafaa picha, muziki na video, lakini programu zenyewe hubaki kwenye hifadhi ya ndani. Angalia pia trei: kwenye baadhi ya simu ukiweka kadi unapoteza nafasi ya laini ya pili.

Hatua ya 4: Uliza aina ya hifadhi, si ukubwa tu

Simu mbili zote 4/128, moja inafungua kamera papo hapo, nyingine inafikiria kwanza. Mara nyingi sababu ni hii. Hifadhi ya eMMC 5.1 ni ya kizamani: haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, na kikomo chake ni MB 400 kwa sekunde. UFS 2.2, aina mpya zaidi, inafanya yote mawili kwa pamoja na husoma karibu mara tatu ya hapo. Utaisikia zaidi pale simu inaposasisha programu wewe ukiwa unaitumia.

Boksi halisemi. Ingia tovuti ya GSMArena, andika jina kamili la modeli, soma mstari wa Memory. Pasipotajwa chochote na simu ikiwa ya bei ya chini, ichukulie ni eMMC. Njia nyingine ni prosesa, yaani chipu inayoendesha simu: simu yenye Helio G85 haiwezi kuwa na UFS kwa sababu chipu hiyo inakubali eMMC pekee, wakati Helio G99 inakubali UFS 2.2.

Hatua ya 5: Usihesabu viini vya prosesa, tazama majina yake

Viini ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi, na "viini nane" peke yake haisemi kitu. Viini nane vya Cortex-A53, muundo wa mwaka 2012, ni vibarua wanane bila fundi hata mmoja. Unachotafuta ni mchanganyiko: Helio G85 ina Cortex-A75 mbili (mafundi) na A55 sita (vibarua), Unisoc T606 vivyo hivyo kwa kasi ndogo zaidi, na Helio G99 ina A76 mbili na A55 sita kwenye chipu ya nanomita 6, kwa hiyo inakula chaji kidogo na haichemki haraka. Helio G35, G36 na G37 zote ni A53 tupu, hata kama G kwenye jina inatangazwa kuwa ya michezo.

Hatua ya 6: Kioo, kamera, betri

Haya yapitie haraka. Kioo cha inchi 6.6 chenye HD+, yaani 720 kwa 1600, kina nukta 266 kwa inchi. FHD+ kinafika 399. Msomaji wa PDF ataiona tofauti. Kamera "tatu" zichunguze: ya tatu mara nyingi ni ya MP (megapikseli) 0.08, haipigi picha yoyote. Kamera ya MP 50 hutoa picha ya MP 12.5 kwa kawaida, nayo si kasoro. Betri ya 5,000 mAh kwa chaja ya wati 10 huchukua kama saa tatu kujaa, kwa wati 18 karibu mbili. Hakikisha chaja ya wati hizo imo ndani ya boksi.

Hatua ya 7: Iwashe dukani

Piga *#06#. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, ilingane na ya kwenye boksi, zote mbili kama ni ya laini mbili. Kwa Tanzania, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na usome jina la modeli litakalorudi. Jina likiwa tofauti na simu uliyoshika, irudishe. Tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huzizima simu bandia kwenye mitandao.

Kisha weka CPU-Z, programu inayosoma vilivyomo ndani ya simu. Ukurasa wa SOC utaonyesha majina ya viini vya hatua ya 5. Ukurasa wa System una namba ya API, yaani namba ya ndani ya toleo la Android, ambayo wachakachuaji wengi husahau kuibadilisha: Android 15 lazima iwe 35, 14 iwe 34, 13 iwe 33. Simu inayojiita Android 14 huku API ikisema 27 ni ya Android 8.1 iliyovalishwa koti.

Simu iliyochakachuliwa inaweza kuonyesha GB 512 kwenye Mipangilio ilhali ndani kuna 16, na hata CPU-Z ikadanganyika. Dawa yake ni kuijaza. Nenda na flashi ya OTG, ile inayochomekwa kwenye simu, yenye filamu ya GB 4, inakili kwenye simu, kisha rudia nakala hiyo mara nane au tisa. Inachukua muda, vumilia. Fungua nakala ya kwanza na ya mwisho, zote ruka hadi katikati. Kwenye simu feki kunakili kutakwama, au nakala mojawapo itagoma kucheza. Muuzaji akikukatalia jaribio hili kwa simu anayodai ni ya GB 512, duka la jirani lipo.