Kusoma kilomita kwa lita kwenye dashibodi, Nakuru hadi Kisumu na kurudi

Wengi wetu tunaoendesha teksi hapa Nakuru tuna magari yaliyotumika kwanza Japani. Kwenye dashibodi kuna namba ndogo ya kilomita kwa lita ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka mitatu bila kuijali. Mimi naitazama kila siku. Ukiisoma vizuri inakunyoosha mguu. Ukiisoma vibaya inaweza kukutia hatarini.

Hatua ya 1: Zitambue namba mbili. Bonyeza kitufe cha dashibodi hadi uzione. Kama maandishi ni ya Kijapani usihangaike: inayorukaruka ni ya papo hapo, iliyotulia ni ya wastani. Gari likionyesha lita kwa kilomita 100, kumbuka hapo namba ndogo ndiyo nzuri.

Hatua ya 2: Ipime kwa pampu. Jaza tangi hadi bomba likate lenyewe, kisha rudisha wastani na kilomita za safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida. Tangi likikaribia robo, jaza tena kwenye pampu ileile, ugawanye kilomita kwa lita ulizoongeza. Mara ya mwisho nilipata kilomita 412 kwa lita 27, yaani 15.3. Dashibodi ilidai 16.7. Kompyuta ya gari hukadiria mafuta yanayopulizwa ndani ya injini na vipulizi viitwavyo injekta, haipimi tangi, kwa hiyo usishangae. Ijue tofauti ya gari lako na uitoe kila unaposoma.

Hatua ya 3: Fundisha mguu mjini. Kijana ninayempokeza gari jioni alikuwa akikanyaga mafuta kwa nguvu Kenyatta Avenue, kisha breki mita 50 mbele. Nilimwomba kitu kimoja tu: kila anapong'oa gari, atupie jicho namba ya papo hapo mara moja, kisha arudishe macho barabarani. Aliiona ikianguka hadi 4. Baada ya siku chache akawa anaachia pedali mapema akiona magari yamesimama mbele. Zima injini pia ukingoja abiria, maana gari lililosimama likinguruma hula wastani bila kukupa kilomita hata moja.

Hatua ya 4: Usihukumu safari ya upande mmoja. Kisumu iko chini ya Nakuru kwa zaidi ya mita 600. Ukishapanda hadi Mau Summit, sehemu kubwa iliyobaki ni mteremko kupitia Kericho hadi Ahero, nawe utafika ukijiona bingwa. Kurudi, mlima unadai chake. Hesabu kwenda na kurudi pamoja. Na ukipanda, usitambae kwa ajili ya namba hadi malori yaanze kukupita vibaya.

Hatua ya 5: Mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa, ukirudi Nakuru. Hapa nakusihi, dereva mwenzangu. Usiweke nyutro. Kwenye gari la injekta, ukiachia pedali gia ikiwa imeshika, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na mafuta hukatwa. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizime, na breki zinabaki peke yake kubeba uzito wote. Tatizo ni kwamba dashibodi haitakuonya: kwa mwendo huo namba ya papo hapo husimama juu kabisa, uwe kwenye gia au nyutro. Kama gari ni otomatiki, shusha gia moja, uache injini ikushike.

Hatua ya 6: Andika. Mimi huandika nyuma ya risiti: tarehe, kilomita, lita, wastani. Majuzi wastani wangu ulishuka hadi 13.9 kwa njia zilezile na mizigo ileile. Nilisimama mtaa wa Section 58, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya mbele kushoto ilikuwa inachoma. Breki ilikuwa imeshika, na mimi sikuwa nimesikia chochote.